Mtu Aliyemkana Kapteni

Mume wangu, marehemu Nicomedes Pabón, alikuwa na uongo mmoja tu maishani mwake. Wanaume wengine wa Cerro Pelado walikuwa nao mwingi na hawakuutunza. Yeye alikuwa na huo mmoja, akaulea kama jogoo wa kupigana, na kila Jumapili aliutoa nje watu wauone. Alikuwa akisema kwamba yeye ni kitukuu cha Kapteni Don Fermín Arozarena.

Nataka kuandika maisha yake kama yalivyokuwa. Kalamu mkononi mwangu ni nzito kuliko mchi wa kutwangia kahawa, maana herufi nilijifunza ukubwani, jikoni, kutoka kwa watoto wangu wenyewe. Lakini aliyekuwepo ni mimi, na niliyoyaona niliyaona.

Nicomedes alikuwa mfupi, kifua kipana, miguu imepinda kwa kutembea nyuma ya nyumbu wa mizigo tangu utotoni. Alipakia kahawa ya watu huku juu, akaiteremsha mpaka bandarini Ponce, kisha akapanda na chumvi, samaki mkavu, mafuta ya taa na habari za watu. Kahawa ya mtu haikupungua hata kikombe mikononi mwake. Nyumbu wake walikuwa wanene kuliko yeye. Hakumpiga mnyama, hakukopa, hakuingia nyumba ya mtu bila kuvua kofia. Ungemwona ungesema huyu ndiye mtu wa kweli kuliko wote mlimani, mpaka umkute dukani Jumapili, glasi mkononi, anasema, "Babu yetu Kapteni asingekubali bei hii." Watu walikuwa wakimcheka, naye alikuwa akisubiri wamalize kucheka, kisha anaendelea.

Huyo Kapteni alikuja kisiwani kwetu kutoka Hispania na karatasi ya Mfalme, akapewa mteremko wote kuanzia mtoni mpaka kileleni. Alikuwa kapteni wa mgambo, watu wasio na viatu wenye ngoma moja. Waingereza walipoushambulia mji mkuu, yeye na mgambo wake walifunga safari kwenda kusaidia, na walipofika Waingereza walikuwa wamekwisha kuondoka; mgambo wakala, wakarudi. Hiyo ndiyo vita yake. Lakini alikuwa mweupe, alikuwa na Don mbele ya jina, na alikuwa amekufa. Mtu hahitaji zaidi ya hayo katika babu.

Maana zama zile za Hispania, kanisani kulikuwa na vitabu viwili vya ubatizo, kimoja cha weupe na kimoja cha watu wa rangi, na mara nyingi rangi ya mtoto ilitegemea jinsi baba yake alivyomsalimia msakristani, mwandishi wa vitabu hivyo, asubuhi ile. Vitabu vya zamani vilikwisha kuliwa na mchwa, ambao hawakubagua. Kwa hiyo kila aliyetaka kujisogeza kutoka kitabu kimoja kwenda kingine alimtaja Kapteni, na hakuna aliyeweza kumwonyesha kwamba si kweli.

Sisi tulikuwa Arozarena wenyewe, wa ndoa. Baba yangu, Don Leoncio, alikuwa mjukuu wa Kapteni kwa mwanawe halali, na hili hakuna aliyelipinga. Ya mteremko wote tulibakiwa na ua, kipande cha mibuni na nyumba ya makuti. Tulikula magimbi na ndizi za kuchemsha kama majirani, ila sisi tulikula kwa uma. Baba alikuwa mtu wa neno moja. Akisema Jumatatu kwamba mvua itanyesha, na jua likawaka, alitembea na mwavuli mpaka Alhamisi. Watu husema nimefanana naye. Sioni.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, umri ambao shangazi zangu walikwisha kuanza kunipa mashuka yao ya zamani, kama apewavyo asiyetazamiwa kuolewa tena. Nicomedes alikuwa akipita mbele ya nyumba yetu na nyumbu wake, na kila mara shogi la mizigo la nyumbu wa mbele lililegea papo hapo langoni, halikulegea mahali pengine. Alikuwa akilikaza polepole sana. Mimi nilikuwa nikianika kahawa. Hatukusema mengi. Siku moja nikamwambia kwamba fundi asiyejua kukaza kamba kwa mwaka mzima afadhali atafute kazi nyingine au aingie ndani amwone baba. Akaingia.

Baba alimwacha asimame.

"Wewe unabeba mizigo ya watu," akamwambia.

"Naam, Don Leoncio."

"Binti yangu ni kitukuu cha Kapteni. Simpi mtu anayelala na nyumbu."

"Hata mimi ni kitukuu chake," Nicomedes akasema. "Babu yangu Hilario alikuwa mtoto wake wa nje."

Habari hiyo baba alikuwa ameisikia dukani mara nyingi, na alikuwa akiicheka kuliko wote. Siku hiyo alinitazama mimi, akatazama mashuka ya shangazi kwenye kamba, hakucheka.

"Wa nje, lakini wake?"

"Wake."

"Kumbe ni mtu wa nyumbani," baba akasema, akamsogezea kiti. Kesho yake alikwenda dukani akatangaza kwamba huyu Pabón, ukimtazama vizuri, siku zote alikuwa na paji la uso la Kapteni.

Basi tukashuka kanisani kumpa habari Padri Celedonio. Huyu alikuwa Mhispania mwembamba, mgonjwa wa tumbo, anayekunywa maziwa na kuandika kila kitu. Aliuliza majina, akauliza kama wachumba wana udugu wowote. Mtu mwenye akili angesema hapana. Baba alinyoosha mgongo akasema ndiyo, wote wawili ni vitukuu vya Kapteni Don Fermín Arozarena, na akamtajia mababu mmoja mmoja mpaka juu.

Padri akaweka kalamu chini. "Basi hawawezi kuoana."

Kanisa la wakati huo lilikataza ndugu kuoana mpaka kizazi cha nne, isipokuwa kwa ruhusa ya Askofu. Ruhusa ilikwenda na kurudi kwa miezi. Matajiri waliilipia. Maskini waliifanyia kazi: kufagia kanisa kila Jumamosi, kubeba mchanga kutoka mtoni kwa ajili ya mnara uliokuwa haumaliziki, na Jumapili kupiga magoti mbele kabisa, mshumaa mkononi, parokia nzima ikiwatazama. Huku milimani, ambako kila mtu ni binamu wa kila mtu, desturi hiyo ilijulikana vizuri. Nusu ya mnara ule imejengwa na mapenzi ya binamu.

Baba akasema Arozarena hafagii.

Padri akasema kama ni hivyo, ithibitishwe kwamba bwana huyu si Arozarena, naye atatufungisha ndoa kabla ya Kwaresima, mfungo ambao ndani yake ndoa hazifungwi, bila ufagio.

Baba akasema kama si Arozarena, hapewi binti.

Nikabaki katikati ya wazee wawili, mmoja anataka mchumba wangu awe mtu fulani, mwingine anataka asiwe, na mwenyewe anazungusha ukingo wa kofia yake. Wakati wa kurudi baba aliniambia hukumu yake: Jumatano ya Majivu, siku ya kwanza ya Kwaresima, ikitukuta hatujaoana, jambo limekwisha, nami nitapelekwa mjini kumtunza shangazi Escolástica, aliyekuwa anakufa tangu mimi ni mtoto na hakuonyesha haraka yoyote. Nililijua neno la baba. Nilimwona yule shangazi, chumba chake, bakuli lake la kutemea, na maisha yangu yote yakiishia pale nikimpepea.

Kwa kuwa vitabu vimeliwa, Padri aliamua kupanda mlimani mwenyewe, awaapishe wazee na kuichora nasaba kwenye karatasi, halafu ajue kama anapeleka maombi kwa Askofu au hapeleki. Alipanda juu ya nyumbu wa Nicomedes, amefumba macho njia nzima. Aliketi barazani kwetu, Injili mbele yake, akaomba watu wawili wanaojua habari za Hilario Pabón.

Ukaja mlima mzima. Wamevaa viatu, ndipo nikajua kuna shida.

Wa kwanza alikuwa mzee Casimiro, mchonga miiko. Aliweka mkono juu ya Injili, akaapa kwamba Hilario alikuwa mtoto wa nje wa Kapteni, jambo alilosikia kwa baba yake. Padri akaandika. Casimiro hakuondoa mkono. Akasema kwa kuwa mkono uko hapo hapo, angependa pia iandikwe kwamba nyanya yake yeye Casimiro naye alikuwa binti wa Kapteni. Padri akamtazama juu ya miwani, akaandika, akachora mstari.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja kwa ajili ya Nicomedes tena. Alikuja Saturnina na mumewe, kila mmoja na Kapteni wake. Walikuja wa ng'ambo ya mto. Alikuja mtu mmoja ambaye wazazi wake wote tuliwajua kuwa walitoka Mallorca, ng'ambo ya bahari, juzijuzi, akaapa kwa upande wa mama. Kila aliyeapa alishuka ngazi akiwa na mwendo mwingine, mikono nyuma, na wengine walianza kusalimiana kwa Don. Kapteni aliyechelewa vitani ilionekana hakuchelewa mahali pengine popote. Karatasi ya Padri ikajaa mistari mpaka ikawa kama wavu, na maziwa yake yakapoa.

Nicomedes naye akaitwa. Alikuwa mwekundu masikioni. Hakuapa neno, alitoa kitambaani kifungo cha fedha cha koti la jeshi, chenye taji la Mfalme, akakiweka mezani. Watu wakanong'ona. Padri akakigeuza, akaandika, "Na kifungo."

Wakati huo alikuwa akipita Micaela, jembe begani, anakwenda kwenye mbaazi zake. Mama yake Micaela alizaliwa mtumwa katika nyumba ya Kapteni. Micaela alikuwa na sura ya baba yangu, sura ileile, pua na kidevu, ila ya kwake ilifungwa kilemba. Kila mtu mlimani alikuwa na macho, na hakuna aliyewahi kulisema hilo, nasi nyumbani kwetu ndio tulioliepuka kuliko wote. Padri, ambaye alikuwa mgeni, alimtazama Micaela, akamtazama baba, akamtazama Micaela tena, akamwita. Akamwuliza kama na yeye ana la kuapa juu ya Kapteni.

"Kapteni alimuuza dada wa mama yangu pamoja na ndama wawili," Micaela akasema. "Hawa wanaomtaka wagawane. Na fungu langu wapeni."

Akaenda zake palizini. Baba alisema kwamba mwanamke yule tangu zamani hana adabu. Padri hakuandika kitu.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa, maana wote walitaka kusikia wametajwaje. Wakatajwa. Padri Celedonio alikunjua ile karatasi mimbarini, akasema kwa kiapo cha watu wazima imejulikana kwamba Casimiro na mkewe Ramona wote ni wa damu ya Kapteni, Saturnina na mumewe vilevile, na fulani na fulani, akasoma mpaka akapumua. Na kwa kuwa wote hao walioana bila ruhusa, ndoa zao zina kasoro kubwa. Kuanzia leo wanaume walale kwingine. Jumamosi waje na fagio zao. Wabeba mchanga waje na ndoo.

Ramona, ambaye familia yake ndiyo iliyomtaja Kapteni bila kumwuliza mumewe, alisogea pembeni ya benchi kama mtu aliyegundua ameketi karibu mno na jiko. Mke wa yule wa Mallorca aliuliza, kwa sauti ya kutosha, kama ni kweli basi kwamba miaka yote hii hakuwa na wajibu wa kumfulia. Saturnina alilia. Mumewe alimwambia, "Nilikwambia amtaje mmoja wetu tu."

Jumatatu asubuhi foleni ilianza mlangoni kwa Padri. Nilikuwepo, nilikuwa nimeteremka kuuza mayai. Casimiro alikuwa wa kwanza tena.

"Padri, nimekosea babu."

"Uliapa, Casimiro."

"Niliapa na njaa. Ulitukalisha pale mpaka jua limegeuka bila hata kipande cha muhogo. Mtu mwenye njaa hujikuta na babu yeyote."

"Na Hilario Pabón?"

"Hilario simjui. Mimi na baba yangu hatukuwa tukisemezana."

Wengine walisema ulikuwa ni uvumi. Mmoja alisema alimaanisha kapteni mwingine, wa meli. Yule wa Mallorca aliomba aandikwe kuwa mgeni kabisa, kabisa, hata jina la mama yake lifutwe. Kufika katikati ya wiki Kapteni Arozarena alikuwa amekufa karibu bila uzao. Na mashahidi walipokwisha kujiondoa, Hilario naye alibaki hewani. Padri akatuma neno kwamba sasa hakuna anayesema Pabón ni Arozarena ila Pabón mwenyewe. Atapanda siku inayofuata, amwapishe mbele ya Don Leoncio, na atakalosema ndilo litakaloandikwa. Jumatano ya Majivu ilikuwa wiki iliyokuwa inakuja.

Jioni hiyo Nicomedes alinikuta kisimani. Alisema angesema lolote nitakalo. Akisema ndiyo, baba atanitoa lakini Padri hatatufungisha, na Kwaresima itatukuta. Akisema hapana, Padri atatufungisha lakini baba hatanitoa. Aliniuliza mimi naona aseme nini.

Mimi nilikuwa Arozarena wa uma, na sikupenda kuulizwa swali hilo na mtu aliyekuwa na jibu lake tangu kuzaliwa. Nikamwambia, "Kama wewe ni kitukuu chake, nitapiga magoti na mshumaa karibu nawe, na baba apige kelele. Kama si kitukuu chake, nitatoka kwa mlango wa jikoni, na baba apige kelele. Lakini kama umekuja kwangu ili nikuchagulie babu, nenda kalale na nyumbu wako."

Alinyanyua ndoo yangu, akanibebea mpaka langoni.

Siku ya pili yake tulikuwa wanne sebuleni. Padri alifungua Injili mezani. Baba alikuwa amevaa koti. Mimi nilisimama mlangoni na ungo wangu wa kahawa.

"Nicomedes Pabón," Padri akauliza, "babu yako Hilario alikuwa mtoto wa Kapteni Arozarena?"

Alinitazama. Sikumsaidia. Msaada wangu nilikwisha kuutoa kisimani.

"Hapana, Padri," akasema. "Babu yangu hakuzaliwa na Kapteni. Babu yangu alimzika mara ya pili."

Akaeleza, mkono wake juu ya kitabu, macho kwenye kofia. Hilario alifika mlimani baada ya ile tufani kubwa ya siku ya Santa Ana, kijana mgeni mwenye njaa, anatafuta kazi, wakati Kapteni ni marehemu wa miaka. Mto ulikuwa umefurika ukachukua makaburi. Kapteni aliokotwa bondeni, amekwama kwenye mianzi, na koti lake. Watu waliokula chakula chake na kulima mashamba yake walisimama mbali wameziba pua. Hilario hakumjua marehemu, kwa hiyo hakumwogopa. Alikusanya mifupa, akaipandisha, akachimba, akafunika, akaweka jiwe. Mjane wa Kapteni alimpa bakuli la supu, na kifungo kilichokatika kwenye koti akamwambia akichukue.

"Baba yangu alinipa kifungo na habari yake yote," akasema Nicomedes. "Nilipoanza kushuka bandarini, makarani walikuwa wakiniita mla magimbi. Siku moja nikakitoa, nikawaambia kimetoka kwa Kapteni. Niliacha tu kusema sehemu ya kaburi."

Sijawahi kusikia mtu akisema kitu kwa shida namna hiyo. Alikuwa anautoa uongo wake mmoja, ule wa kila Jumapili, anauweka mezani, na alijua kwamba akishauweka hatokuwa na kitu kingine ila nyumbu. Aliniwekea mimi. Maishani mwangu nimepewa vitu vichache, na hicho ndicho kikubwa kuliko vyote.

Padri Celedonio alitabasamu, mara ya kwanza na ya mwisho nilipomwona akifanya hivyo. Akachovya kalamu. "Don Leoncio, umesikia alichoapa."

"Nimesikia."

Baba alisimama. Niliweka ungo chini nikijua sasa ni shangazi Escolástica au ni mlango wa jikoni. Lakini baba alikuwa amekwisha kutangaza dukani habari ya lile paji la uso, na hakuwahi kufunga mwavuli kabla ya Alhamisi. Alimwendea Nicomedes, akamshika bega kwa mikono miwili.

"Mwanangu, umefanya vizuri," akamwambia. "Arozarena hafagii."

"Don Leoncio, nimeapa."

"Najua umeapa. Hata mimi ningeapa."

"Babu yangu alikuwa mchimba kaburi."

"Vizuri sana. Kaa hapohapo," baba akasema, akishusha sauti Padri asimsikie, ila yeye mwenyewe alikuwa mzito wa masikio na kunong'ona kwake kulifika mpaka kwa kuku. "Casimiro na wenzake walimkana kwa woga. Wewe umemkana kwa kiburi. Hiyo ndiyo damu yenyewe."

Padri alikuwa na tumbo bovu lakini masikio mazima. Alitazama dirishani, akaandika haraka kuliko siku zote, akafunga kitabu.

Tulifunga ndoa Jumatatu, kesho kutwa yake ni Majivu. Walichoma nguruwe, tukala wali wa mbaazi, na watu wa mlimani waliokuwa wakimcheka Nicomedes walikuja kumshika mkono mmoja mmoja na kumkonyeza. Baba alikuwa amewapa habari. Wote walikuwa wamemkana Kapteni wiki iliyotangulia, kila mtu kwa sababu zake, na kila mmoja ndani ya moyo wake alijua kwamba yeye alidanganya pale alipokana. Basi wakamwona Nicomedes ni mwenzao. Casimiro alimwambia, "Ulisema vizuri hiyo ya kaburi. Mimi sikufikiri mbali hivyo."

Mimi sikuwa na furaha kamili siku hiyo, niseme na hilo. Nilikuwa nimekwisha kulizoea wazo la vitukuu wawili. Nilipomwona amekaa karibu yangu, mjukuu wa mtu aliyekuja mlimani na njaa, kiburi changu kilinichoma kidogo. Kisha nikaona anamkatia mama yangu nyama laini na yeye anakula mfupa, nikanyamaza, na mpaka leo kiburi hicho sijakisikia tena kwa upande huo.

Tangu ndoa, Nicomedes hakujisifu tena. Mtu akimwita Kapteni dukani, alimwambia taratibu, "Mimi ni mjukuu wa mchimba kaburi." Wakacheka, wakamnunulia glasi. Alijaribu kumweleza baba mara nyingi. Baba akamfinya shavu. Alimweleza msakristani, na yule akatubatizia watoto wote katika kitabu cha kwanza, cha weupe, bila kuinua macho. Mwana wetu mkubwa baba alimpa jina la Fermín bila kutuuliza. Bandarini, wale makarani waliomwita mla magimbi walipomwona hajisifu, walisema hao wa damu kubwa ndivyo walivyo, hawasemi. Miaka mingi alidanganya na hakuna aliyemwamini, na siku alipoanza kusema kweli akawa Arozarena.

Ilimsumbua. Alikuwa akiniambia, tukila, kwamba Hilario alifanya jambo moja zuri maishani, alimfunika mtu ambaye watu wake mwenyewe walimwacha kwenye mianzi, na hakuna anayetaka kulisikia. Mimi nilikuwa nikilisikia. Nilimwambia ale.

Wamarekani walikuja, wakakitwaa kisiwa, wakatuambia sisi si Wahispania tena. Barabara ikachongwa, magari yakaanza kubeba kahawa, nyumbu wakauzwa. Nicomedes aliuza wa mwisho akiwa analia, akalima mbaazi, akafa msimu wa mvua, kimya, kofia kwenye goti. Nilikuwa nimelazwa na homa siku watoto walipochonga msalaba. Waliandika Pabón Arozarena.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Providencia, mwalimu, alipanda kutoka mjini na karatasi pana. Anakusanya nasaba ya ukoo. Siku hizi watu wa mjini wanaipenda kazi hiyo. Kapteni alikuwa juu kabisa, kwa wino mwekundu, na kutoka kwake matawi mawili yanashuka, moja kwangu na moja kwa babu yake, yanakutana chini kama mikono. Nikamwambia tawi la pili alikate. Nikamsimulia yote, tufani, mianzi, supu.

Alinisikiliza kwa subira, kama wanavyosikilizwa wazee. Akasema, "Bibi, hiyo ndiyo habari aliyompa Padri ili asifagie kanisa. Kila mtu anajua."

Nikamwambia amwandike Hilario peke yake, mwanzo wa mstari wake, na kazi yake, kwa wino huohuo mwekundu. Akasema nina wivu, simtaki Kapteni awe wa wote wawili.

Kisha akageuza karatasi, akanionyesha mahali pa chini ambapo mzee wa ukoo hutia jina lake kuthibitisha kwamba hayo ni kweli, akanipa kalamu. Naweza kuandika jina langu vizuri. Niliirudisha kalamu, nikamwambia jina langu silitii hapo.

Providencia alikunja karatasi yake taratibu, akanibusu kichwani. "Sawa, Bibi," akasema. "Arozarena hasa."